Barabara ya Morogoro, kwa Miguu na kwa Mwendokasi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Kimara Mwisho imekwisha kuamka zamani. Bodaboda zinateremka kutoka Bonyokwa, Golani na Mavurunza, taa zikipishana kwenye kona za vilima, na kila moja inakuja kumwaga abiria wake mbele ya kituo cha mabasi ya mwendokasi. Abiria anashuka, anarudisha kofia ngumu kama alipewa, analipa, anakimbilia dirisha la tiketi. Pembeni mama mmoja anauza vitumbua na chai ya tangawizi. Wateja wake wanakunywa wamesimama, macho yakiwa getini.

Nilikuja kuitazama njia hii Agosti 2024, kiangazi, wakati mvua haziwezi kusingiziwa jambo lolote. Nilitaka kujua kwa macho yangu kama mtu anaweza kuishi Dar es Salaam bila gari na maisha yake yakanyooka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wengi wao hawana gari hata sasa. Wanatembea, wanapanda daladala, wanabanana. Lakini ukikaa nao utagundua kwamba karibu kila mmoja analitamani gari, na akipata fedha kidogo ndilo la kwanza kununua, wakati mwingine kabla ya kumaliza nyumba. Simlaumu mtu kwa hilo. Ukimwona mwenzako anafika kazini mkavu na shati limenyooka, wewe umeloa jasho na umekanyagwa vidole, utalitamani tu.

Njia ya mwendokasi ilianza kuchukua abiria Mei 2016. Awamu hii ya kwanza ina urefu wa kilomita 21 hivi: shina lake linatoka Kimara mpaka Kivukoni, tawi moja linakatia Magomeni kwenda Morocco, jingine linaingia Mtaa wa Msimbazi mpaka Gerezani, Kariakoo. Ilianza na mabasi 140 na nauli ya shilingi 650 kwenye njia kuu. Waliokuwa wakisafiri kutoka Kimara kwenda Posta kabla ya hapo wanakumbuka safari ya saa mbili, na ikinyesha, saa tatu. Basi likapewa njia yake katikati ya barabara, zege tupu, gari dogo haliruhusiwi kukanyaga, na safari ikashuka chini ya saa moja. Jiji likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Ilistahili. Uamuzi wa kuichukua sehemu ya katikati ya barabara kuu ya nchi na kuwakabidhi watu wa basi ni uamuzi mkubwa, na miji mingi yenye fedha kuliko sisi haijathubutu kuufanya.

Foleni ya Kimara asubuhi ile ilikuwa imetoka nje ya geti na kupinda. Mabasi hayakutosha, na hili halikuhitaji mtaalamu kulisema, kila aliyesimama pale alilijua. Mbele yangu alikuwa mtu wa makamo, fundi wa viyoyozi, anayefanya kazi mjini na kuishi Msumi. Nilimuuliza kwa nini akaenda kujenga mbali kiasi kile.

"Dada, kiwanja cha kule ndicho nilichokiweza," akasema. "Hapa Kimara bei ilishakimbia. Dalali alinipeleka Mbezi, nikashindwa. Akanipeleka ndani, ndani zaidi, mpaka tukafika bei yangu."

Anatoka nyumbani saa kumi. Bodaboda ya kumtoa Msumi mpaka lami inamla fedha nyingi kuliko basi la kumfikisha Kivukoni. Anahesabu miaka miwili, akijaliwa atanunua gari dogo. Akinunua, fedha nyingine itakwenda kwenye mafuta, na gari lake litaongezeka kwenye foleni ileile anayoilalamikia. Mtu huyu hajafanya kosa lolote. Alitafuta paa la watoto wake akalipata pale mfuko wake ulipomruhusu, na tangu siku hiyo umbali ukawa ni kodi anayoilipa kila alfajiri.

Kabla ya kupanda basi nilitembea kidogo kurudi upande wa Mbezi, maana pale ndipo jambo lenyewe linapoonekana. Kuanzia Kimara kwenda Kibaha, kilomita 19 na kidogo, barabara imepanuliwa kuwa ya njia nane. Mwaka 2017 nyumba za kando ya barabara hii zilibomolewa, nyingine za ghorofa, nyingine za watu waliostaafu na kuweka kiinua mgongo chao chote mle. Leo ukisimama ukingoni asubuhi unaona bahari ya lami. Wanafunzi wa shule ya msingi wanasubiri pengo, wanashikana mikono, wanakimbia mpaka katikati, wanasimama, wanakimbia tena. Mama mwenye beseni kichwani hawezi kukimbia, kwa hiyo anangoja. Nilimwona akingoja muda mrefu.

Na njia nane zimefanya nini? Zimepunguza msongamano wa kutoka mjini, ni kweli, na mabasi ya mikoani yanayoanzia kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis tangu 2021 yanapita vizuri zaidi. Lakini pia zimeifanya Kibamba ionekane karibu, Kiluvya ionekane karibu, Kibaha ionekane kama kitongoji cha Dar es Salaam. Vibao vya "Viwanja vinauzwa" vimefuata lami mpaka mkoa wa Pwani. Kila kiwanja kimoja cha mita ishirini kwa ishirini kinachouzwa kule ni familia moja zaidi itakayohitaji bodaboda ya kutoka, basi la kuunganisha, na hatimaye gari. Barabara hii moja imepewa kazi mbili zinazopingana: kutoka Kimara kuingia mjini inawapunguzia watu haja ya gari, na kutoka Kimara kwenda nje inaiongeza.

Basi likaja. Tuliingia kama tulivyoweza. Ni basi refu lenye kiungo katikati, linabeba watu zaidi ya mia, na lilipoondoka Kimara halikuwa na nafasi ya kugeuza shingo. Hata hivyo lilikwenda. Korogwe, Bucha, Baruti, Kona, Kibo: vituo vinapita huku kulia na kushoto magari madogo yamesimama, taa nyekundu za nyuma zimepangana mpaka macho yanapoishia, na ndani ya kila gari niliona kichwa kimoja, mara chache viwili. Mtu aliyebanwa ndani ya basi lile huwa hafikirii kwamba anapita kama kiongozi wa nchi mwenye msafara, lakini kwa hesabu ya nafasi ya barabara ndivyo ilivyo. Watu mia wa basi letu wangekuwa kwenye magari yao, wangejaza lami kutoka Kibo mpaka Ubungo.

Nikashuka Ubungo.

Pale kuna barabara za juu, ngazi tatu za zege, zilizofunguliwa Februari 2021 na kupewa jina la hayati Balozi John Kijazi. Kwa dereva ni raha. Makutano ya zamani ya Barabara ya Morogoro, Sam Nujoma na Mandela yalikuwa yanamla mtu nusu saa, na trafiki walikuwa wakiyaongoza kwa mikono mpaka usiku. Nilikaa chini ya madaraja nikawatazama waenda kwa miguu. Ngazi zote tatu ni za magari. Wao wanapita huku chini, wanazunguka nguzo, wanavuka mchepuko mmoja, wa pili, wa tatu, na kila mchepuko una magari yanayopinda kwa kasi. Mzee mmoja mwenye mkongojo aliniomba nimshike mkono tuvuke. Tulipofika ng'ambo akasema zamani foleni ilikuwa inamsaidia, magari yalikuwa yanasimama.

Hatua chache kutoka hapo ni eneo la stendi ya zamani ya mabasi ya mikoani. Nchi nzima inaijua: ndipo wengi wetu tulipoikanyaga Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, begi likivutwa huku na wapiga debe kule. Ni ardhi ya umma, pana, imegusana na kituo kikubwa cha mwendokasi. Siku niliyopita, winchi zilikuwa zikifanya kazi: palikuwa pakijengwa kituo cha biashara cha mwekezaji kutoka China chenye maduka zaidi ya 2,000. Sina ugomvi na maduka. Lakini nilisimama pale nikawaza ni familia ngapi zingeweza kuishi juu ya maduka hayo, kwenye ghorofa za kupanga, zikashuka ngazi na kuingia ndani ya basi bila kumlipa mtu wa bodaboda. Ardhi ya namna hiyo katika jiji hili haipatikani mara mbili. Fundi wa Msumi angeweza kuwa mpangaji pale, akalala mpaka saa kumi na mbili.

Kuanzia Ubungo nikaamua kutembea. Njia ya waenda kwa miguu kando ya mwendokasi ni nzuri kuliko sehemu nyingi za jiji, ina upana, ina vigae, na kando yake kuna njia ya baiskeli. Waendesha baiskeli wa Dar es Salaam, wenye umoja wao uitwao UWABA, walidai njia za namna hii kwa miaka. Zilijengwa. Sasa juu yake nilikuta bodaboda zimeegeshwa, vigari vya miwa, magari madogo yaliyopanda ukingo na kutulia, na meza za chips. Baiskeli nilizoziona zilikuwa zikipita barabarani pamoja na magari, au kwenye njia ya waenda kwa miguu. Mwaka 2021 machinga waliondolewa kandokando ya barabara kwa operesheni kubwa. Magari yaliyoegeshwa juu ya njia za miguu hayakuwahi kufanyiwa operesheni ya namna hiyo. Anayeuza soksi aliambiwa anaziba njia. Mwenye gari la tani mbili juu ya vigae anaachwa amalize shughuli zake.

Baada ya Shekilango unafika Urafiki. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, na karibu yake yakajengwa maghorofa ya kukaa watu. Enzi hizo, kiwanda na nyumba ya mfanyakazi vilipangwa pamoja. Zamu ikilia, watu walitembea kwenda kazini na kutembea kurudi. Wazo lile liliachwa kimyakimya, viwanda vikaenda upande mmoja wa jiji, nyumba upande mwingine, na katikati tukaachiwa foleni.

Halafu Manzese.

Watu wasioifahamu Manzese wanaisema vibaya: msongamano, vibaka, mitaro. Nilitoka barabarani kituo cha Tip Top nikaingia ndani, nikakaa mchana karibu wote. Kichochoro cha kwanza kilikuwa na upana wa watu wawili kupishana. Nikapita fundi cherehani, duka la mkaa wa kupima kwa kopo, saluni yenye viti viwili, mama ntilie mwenye wali na maharage, madrasa, kinyozi, genge lenye mafungu ya nyanya na dagaa, zahanati ndogo, fundi wa simu, banda la kuonyeshea mpira, nyumba ya ibada. Yote hayo kabla sijachoka kutembea. Mtoto alitumwa chumvi akarudi wali haujakauka. Dada mmoja anayeshona magauni aliniambia wateja wake wote anawajua kwa majina ya watoto wao, na kwamba wiki inaweza kupita hajapanda chombo chochote cha moto.

"Niende wapi?" akaniuliza, akiwa bado anakata kitambaa. "Kitambaa nachukua Kariakoo, napanda mwendokasi hapo. Vingine vyote viko hapa."

Hiki ndicho wataalamu wa mipango miji duniani wanachokihubiri siku hizi: makazi, kazi, soko na shule katika umbali wa kutembea, na usafiri wa umma ukingoni. Manzese imekijenga bila ramani, kwa nguvu za watu wa kipato kidogo waliokuja mjini na kujisitiri walipoweza. Lakini ramani rasmi za jiji, ile ya 1949, ya 1968 na ya 1979, ziliyaona makazi ya namna hii kama tatizo la kuondolewa au kurekebishwa. Hakuna aliyeyaona kama somo.

Sitaki kuipamba. Nyumba moja niliyoingia ilikuwa na vyumba sita na familia sita, choo kimoja, na kodi inalipwa miezi sita kwa mkupuo, jambo ambalo kwa mfanyakazi wa kibarua ni mlima. Gari la zimamoto haliingii vichochoro vile. Mgonjwa wa usiku anabebwa mgongoni mpaka lami. Mradi wa kuendeleza jiji, DMDP, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, umetengeneza barabara kadhaa za mitaa ya uswahilini, ukaweka mitaro ya zege na taa za barabarani, na pale ulipopita tofauti inaonekana: watoto wanacheza jioni chini ya taa, mama anauza samaki mpaka saa tatu usiku. Manzese inahitaji mengi ya namna hiyo, maji, mitaro, ghorofa mbili tatu mahali palipo na moja, vyoo. Haihitaji kuhamishwa. Kumwondoa yule mshonaji pale na kumpa kiwanja Kiluvya ni kumnyang'anya wateja na kumwongezea nauli ya kila siku, hata kama kiwanja kina hati.

Nikarudi barabarani nikavuka kwa daraja la waenda kwa miguu. Argentina, Kagera, Mwembechai, nikafika Magomeni.

Magomeni Kota ni mahali ambapo jambo hili limefanywa kwa makusudi, ingawa kwa njia ya machungu. Hapa palikuwa na kota za zamani, nyumba za chini za enzi ya Mwingereza. Wakazi wake waliondolewa mwanzoni mwa muongo uliopita kwa ahadi ya kujengewa upya, eneo likabaki tupu kwa miaka, na watu wakatawanyika kwenye vyumba vya kupanga huku na huku. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliagiza zijengwe. Wakala wa Majengo ukajenga, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazizindua: nyumba za familia 644 zilizoondolewa.

Unapozifikia, kwanza unaona kanga na shuka zimeanikwa kwenye vibaraza vya ghorofa ya sita. Chini wazee wamekaa kwenye benchi wanacheza bao. Nilizungumza na mama mmoja wa makamo aliyezaliwa kwenye kota za zamani. Katika ile miaka ya kungoja alipanga Kigogo, kisha Mabibo, kisha akapelekwa na mwanawe Goba.

"Goba pazuri, hewa nzuri," akasema. "Lakini nilikuwa kama mfungwa, mwanangu. Kila nikitaka kutoka lazima nimwambie mtu anilipie bodaboda. Hapa nateremka na lifti, naenda sokoni, naenda msikitini, naenda hospitali kwa mwendokasi. Sina gari na silitaki."

Nilitembea kutoka kwenye ngazi za jengo lake mpaka kituo cha Usalama. Ni mwendo wa mtu kumaliza maongezi mafupi. Hakuna bodaboda katikati. Hakuna barabara ya njia nane. Soko liko karibu, shule iko karibu, na pale Magomeni njia za Kimara, Kivukoni na Morocco zinakutana. Eneo lililokuwa na nyumba za chini sasa linabeba familia zilezile na bado kuna nafasi ya wazi kati ya majengo. Mapungufu yapo: wakazi wanalalamikia gharama za kuendesha lifti na taa za ngazi, na uwanja wa chini umejaa magari ya watu ambao kwa kweli wangeweza kuyaacha. Ila nikiulizwa mahali pa kumpeleka diwani au mbunge ili aelewe maana ya kupanga makazi pamoja na usafiri, nitamleta hapa kabla ya kumpandisha ndege kwenda Ulaya.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Magomeni Kota imebaki peke yake. Ukisimama juu ya ghorofa zake na kuitazama njia ya mwendokasi pande zote mbili, unaona mabati ya nyumba za chini, maghala, vituo vya mafuta, viwanja vya kuuzia magari yaliyotumika, kuta ndefu zenye vyuma vya miiba. Kilomita 21 za njia bora ya basi, na sehemu kubwa ya ukingo wake inatumika kana kwamba basi halijafika.

Baada ya Magomeni Mapipa barabara inateremka Jangwani, na hapo maji ndiyo yenye kauli. Bonde la Msimbazi linapokea mvua za sehemu kubwa ya jiji. Karakana ya mabasi ilijengwa humu bondeni, na mvua kubwa zikija barabara inafungwa, mabasi yanasimama, watu wanavua viatu na kutembea, au wanazunguka mbali kuingia mjini. Nilipopita palikuwa pakavu kabisa, vijana wanacheza mpira, na nyumba nyingi za bondeni zimekwisha bomolewa baada ya wenyewe kulipwa fidia chini ya mradi wa bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliukubalia mkopo mwaka 2022. Mradi huo una daraja refu la kuivusha barabara juu ya maji, na bustani ya jiji bondeni. Daraja litakuja. Hata hivyo funzo la karakana ile ni kubwa: usafiri wa watu maskini uliwekwa kwenye ardhi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka, na kila masika watu haohao wakalipia.

Kariakoo sikukaa sana, kwa sababu Kariakoo ni kitabu kizima. Niseme tu kwamba mitaa ile iliyonyooka, ambayo zamani ilikuwa ya nyumba za Kiswahili zenye baraza, sasa imekuwa ya ghorofa kumi na zaidi, duka chini, bohari katikati, wapangaji juu, na kwamba mchana gari dogo linakwenda taratibu kuliko mkokoteni. Mtaa mzima ungeweza kufungwa usipitishe magari, isipokuwa usiku wakati wa kupakua mizigo, na biashara isingepungua hata shilingi. Wateja wote wanaonunua pale wako kwa miguu tayari, hata wale walioacha magari yao Gerezani.

Jioni nikapanda tena basi, Fire, DIT, Kisutu, mpaka Posta ya Zamani, nikamalizia kwa miguu. Katikati ya mji huu Wajerumani walipanda miti ya kivuli kando ya mitaa, na sehemu za Barabara ya Sokoine na bustani za karibu na bahari bado zina ubaridi wake. Nani atatembea kwenye jua la Dar es Salaam bila kivuli? Mti mmoja wa mwarobaini kando ya njia unaweza kumtoa mtu garini kuliko hotuba nzima. Lakini mitaa ya ndani, kuelekea Samora na Jamhuri, magari yameegeshwa mpaka milangoni mwa maduka, na mtu wa miguu anashuka barabarani kupita. Ada ya maegesho ni ndogo, na gari likishafika asubuhi linalala pale mpaka jioni kwenye ardhi ya thamani kubwa mno.

Kivukoni watu wa Kigamboni walikuwa wakikimbilia pantoni. Mwendokasi ukashusha, pantoni likapokea. Mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni alitoka Kimara mpaka ng'ambo ya bahari bila kukanyaga gari dogo. Nilimsindikiza kwa macho mpaka geti likafungwa.

Siku chache baadaye nilikwenda Barabara ya Kilwa. Awamu ya pili ya mwendokasi, kilomita 20 hivi mpaka Mbagala Rangi Tatu, imegharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Wakati huo zege lilikuwa tayari, vituo vimesimama, vioo vimewekwa. Mabasi yalikuwa hayajaja. Chini ya mapaa ya vituo vitupu watu walikuwa wakijikinga jua, wakingoja daladala.

Ucheleweshaji huo uliumiza, na wanaoishi Mbagala walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini kuna jambo ambalo halmashauri ya Temeke inaweza kulifanya, na haliombi mkopo mpya. Bei ya ardhi kando ya njia ile itazidi kupanda, kama ilivyopanda Kimara, na wapangaji watasukumwa Chamazi, Kongowe na Vikindu kama walivyosukumwa Msumi. Halmashauri iorodheshe sasa kila kipande cha ardhi ya umma kilicho karibu na vituo, ikitenge kwa nyumba za kupanga za ghorofa zenye kodi ya mwezi kwa mwezi, ifungue vichochoro vya kutembea kutoka mitaani mpaka getini, ipande miti, na izuie magari kupanda juu ya njia za miguu kabla hayajazoea. Ubungo na Kinondoni walikuwa na nafasi hiyo mwaka 2016 wakaiacha ipite, isipokuwa pale Magomeni. Wakazi wa Mbagala, waulizeni madiwani wenu kuhusu ardhi hiyo katika mkutano ujao wa mtaa, na msiondoke bila jibu.